Mwongozo kamili: jinsi ya kulala vizuri baada ya kubadilishiwa nyonga

Watu wengi wakitoka wodini baada ya kubadilishiwa nyonga wanaogopa sana kutembea, kumbe kutembea kunazoeleka mapema tu, kinachotesa ni usiku. Nimemuuguza mama yangu hapa Dodoma baada ya operesheni hii na nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki na wauguzaji wenzangu, maneno ni yale yale, mgonjwa halali, hawezi kugeuka, anaogopa nyonga isije ikachomoka, ikifika saa nane usiku nyumba nzima iko macho. Sasa ndugu yangu kitu kikubwa cha kushika ni kwamba usingizi wa mgonjwa wa nyonga unaandaliwa mchana, na sehemu yake nyingine inaandaliwa hata kabla hajaenda kupasuliwa. Ukisubiri mpaka saa nne usiku ndo uanze kuhangaika na mito utakuwa umechelewa.

Kwanza jua kwanini kuna masharti

Kwenye hii operesheni wanatoa kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika wanaweka cha bandia, na kwenye nyonga wanaweka kikombe ambacho hicho kichwa kinazunguka ndani yake. Wanaofanyiwa wako wa aina nyingi, wazee ambao nyonga imesagika, bibi aliyeteleza bafuni akavunjika shingo ya paja, na hata vijana kabisa wenye sikoseli ambao damu haikufika vizuri kwenye kichwa cha mfupa mpaka kikafa. Siku hizi sio lazima uende mpaka MOI Dar (ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili), hata hapa kwetu hospitali ya Benjamin Mkapa wanafanya.

Kinachoshikilia hicho kichwa kisitoke kwenye kikombe ni misuli na nyama ngumu zinazozunguka nyonga, na hizo ndo zilizochanwa au kuvutwa wakati wa operesheni. Mpaka zipone vizuri kuna mikao ambayo ukiikaa kichwa kinaweza kuchomoka, na mtu akilala hajichungi, ndo maana usiku una masharti yake.

Masharti yanategemea dokta alipitia wapi. Kama alipitia nyuma, upande wa kalio, mambo makubwa ni matatu: usikunje nyonga kupita nyuzi 90 (yaani goti lisipande juu ya nyonga ukiwa umekaa, wala usiiname kushika miguu), usipitishe mguu wa operesheni upande wa pili wa mwili, na usigeuze vidole vya mguu kuangalia ndani. Kama alipitia mbele ni kinyume kidogo, hatari iko kwenye kurudisha mguu nyuma na kugeuza vidole kuangalia nje. Kuna madokta pia wanaoweka masharti machache sana. Kwahiyo kabla hujatoka wodini uliza waziwazi, "dokta umepitia wapi na nisifanye nini nikiwa nimelala, kwa muda gani", na andika jibu kwenye karatasi ubandike ukutani chumbani, maana atakayekuja kumlaza mgonjwa kesho anaweza asiwe wewe. Wengi wanaambiwa wiki 6 mpaka 12.

Humu ndani nikisema mguu mgonjwa ni ule wa operesheni, na mguu mzima ni ule wa pili usiopasuliwa, nadhani tunaelewana.

Kitanda, hapa usifanye haraka

Ukiniuliza kitu kimoja cha kutumia hela kabla ya operesheni ni kitanda. Vitanda vyetu vingi ni vifupi, godoro limeshakaa miaka limebonyea katikati, chaga mbili zimevunjika zimefungwa kamba. Mtu mwenye nyonga mpya akikaa pale anazama, magoti yanapanda juu kuliko nyonga, hapo hapo ameshavunja sharti la kwanza kabla hata hajalala.

Pima hivi. Mwambie mgonjwa akae pembeni ya kitanda, nyayo zote mbili zimekanyaga chini, alafu angalia kwa pembeni kabisa ukiwa umechuchumaa: nyonga inatakiwa iwe juu kuliko goti. Sio sawa sawa, iwe juu. Na pima akiwa amekaa, sio godoro likiwa tupu, maana godoro la inchi 6 la zamani linaweza kushuka sana mtu akilikalia. Kama bado ni fupi fanya kimoja au vyote kati ya hivi: badilisha chaga zilizovunjika na ongeza nyingine katikati ili godoro lisibonyee, weka godoro gumu zaidi, au mtafute fundi seremala akukatie vipande vinne vya mbao nzito vyenye kishimo juu, mguu wa kitanda unaingia kwenye kishimo unakaa hautoki. Tofali zilizowekwa hivi hivi juu ya sakafu usizitumie, mgonjwa anakaa kwa kujitupa mara ya kwanza, kitanda kinasogea, tofali inalala. Godoro la chini pamoja na mkeka sahau kabisa kwa kipindi hiki, hata kama ndo alivyozoea maisha yake yote huko kijijini.

Chumba kiwe karibu na choo. Kapeti na mikeka ya kujikwaa toa, waya wa chaja usipite njiani. Upande wa kitanda atakaotumia kuingilia na kutokea uwe wazi, woka (kile kifaa cha miguu minne cha kushikilia akitembea) igeuke bila kugonga kabati.

Kuhusu upande: fisio (wataalamu wa mazoezi ya viungo) wengi wanashauri ashukie upande wa mguu mgonjwa. Kama ni nyonga ya kulia basi ashukie kulia, maana hapo mguu mgonjwa unatoka kwanza kwenda nje, hauvuki kati. Mwenza wake akilala naye akae upande wa pili, na mjukuu anayependa kulala na bibi aende chumba kingine kwanza, atalia siku mbili tatu atazoea, teke moja la mtoto aliyelala sio la kuchukulia kawaida kwenye kidonda kibichi.

Vitu vya kuwa navyo

Mito, mingi. Angalau minne, na miwili kati yake iwe migumu haswa. Hospitali nyingine wanatoa mto wa pembetatu wenye mikanda wa kukaa katikati ya miguu, ukipewa utumie, usipopewa chukua mto mgumu uuzungushie kanga uufunge vizuri usiteleze. Kipande kirefu cha kitenge au shuka kuukuu ukisokote uwe kama mkanda wenye kitanzi mwishoni, mgonjwa anaingiza unyayo kwenye kitanzi anavuta mguu mwenyewe kwa mikono bila kusumbua mtu, hiki kitu ni kidogo lakini kinampa mgonjwa heshima yake. Tochi au taa ndogo. Simu na maji, vyote kwenye meza iliyo usawa wa kitanda, visiwe sakafuni wala kwenye stuli fupi.

Kuingia kitandani hatua kwa hatua

Anarudi nyuma taratibu na woka mpaka asikie kitanda kimegusa nyuma ya miguu yote miwili. Anasogeza mguu mgonjwa mbele kidogo. Anaachia woka mkono mmoja mmoja, anashika godoro nyuma, anashuka taratibu bila kuinamisha kifua mbele. Akishakaa anasogea nyuma na makalio kwa kujisukuma na mikono mpaka mapaja yawe juu ya godoro, alafu ndo anageuka, makalio na miguu vinakwenda pamoja, mguu mzima unatangulia kupanda na mguu mgonjwa unafuata ukiwa umeachana na ule mwenzie. Kama mguu ni mzito (wiki za kwanza unakuwa mzito kweli) atumie kile kitanzi au wewe ushike kisigino na nyuma ya goti uunyanyue, usishike kidole gumba ukavuta, na usiuzungushe. Anajilaza akiwa ameegemea viwiko.

Kuamka ni kurudi njia ile ile, mguu mgonjwa unatoka kwanza. Akae pembeni ya kitanda dakika moja mbili kabla ya kusimama, dawa za maumivu na kulala muda mrefu vinaleta kizunguzungu, na kuanguka ndo kitu tunachokikimbia kuliko vyote.

Mlalo wa kwanza: chali

Wiki za mwanzo mlalo salama kuliko yote ni chali. Kichwani mto mmoja unatosha, miwili kama kifua kinambana, vidole vya miguu vinaangalia juu darini, na mto mgumu katikati ya miguu kuanzia mapajani mpaka karibu na vifundo ili miguu isikutane usiku. Wanaopitiwa nyuma wasikose huo mto hata usiku mmoja.

Kosa linalofanyika karibu kila nyumba ni kuweka mto chini ya goti tu kwasababu mgonjwa anasikia raha. Raha anaisikia kweli, lakini akikaa hivyo usiku kucha siku zote nyonga inakakamaa ikiwa imekunjwa, baadae anashindwa kunyoosha mguu akitembea. Kama mguu umevimba weka mto kwa urefu chini ya mguu wote wa chini, kuanzia nyuma ya goti mpaka karibu na kisigino, kisigino chenyewe kibaki kinaelea hakigusi godoro. Hapo unapata faida mbili, uvimbe unashuka na kisigino hakipati kidonda. Mzee aliyelala chali wiki nzima anapata vidonda vya kulalia haraka kuliko unavyodhani, kwahiyo kila asubuhi angalia visigino na makalio, ukiona pamekuwa pekundu au peusi zaidi kuliko kawaida na hapabadiliki ukipabonyeza, muone nesi. Na shuka inyooshwe, mkunjo wa shuka chini ya mgongo unakera usiku mzima na mtu anashindwa hata kueleza nini kinamsumbua.

Mlalo wa pili: ubavu wa mguu mzima

Huu ndo wanaousubiri wote waliochoka chali. Dokta au fisio akisharuhusu, mgonjwa alale ubavu wa mguu mzima, yaani nyonga mpya iko juu. Mito hapa haitoshi mmoja, inatakiwa ijaze nafasi yote kuanzia kati ya mapaja, kati ya magoti, mpaka kati ya vifundo na nyayo. Nimeona watu wanaweka mto magotini tu, alafu unyayo wa juu unaning'inia unagusa godoro, pale goti limekaa vizuri lakini paja limejizungusha kuangalia ndani, lile sharti la tatu limevunjika na mtu haoni. Goti na kifundo viwe kwenye usawa mmoja. Magoti yakunjwe kidogo tu, asijikunyate.

Kugeuka kwenyewe afanye na mto ukiwa tayari umebanwa katikati ya miguu, mabega na nyonga na magoti vinageuka kwa pamoja. Msaidizi asimame upande anaogeukia, mkono mmoja begani mwingine nyuma ya nyonga, hamvuti kwa mguu. Weka na mto mwingine mgongoni asirudi chali bila kujua, na mwingine wa kukumbatia kifuani, mkono wa juu ukipata pa kukaa mwili wote unatulia.

Kifudifudi hapana, iwe alipitiwa mbele au nyuma, mpaka dokta mwenyewe aseme.

Na sofa? Wengine wanalala kwenye kiti siku za kwanza wakiwa wameegemea, sio vibaya kama kiti ni kigumu, kirefu na kina mikono ya kujisukumia. Yale masofa laini ya sebuleni ambayo ukikaa unazama hayafai, kumtoa humo tu ni kazi ya watu wawili na nyonga inakunjwa vibaya.

Chandarua na blanketi

Haya hayaandikwi kwenye karatasi za hospitali lakini ndo yanayoharibu usiku wa kwetu. Mgonjwa asichomeke chandarua mwenyewe, kuchomeka maana yake ni kuinama na kujipinda, achomekewe na mtu mwingine akishalala, na upande wa kushukia uachiwe urefu wa kutosha uingie chini ya godoro kidogo tu, akitaka kutoka anauvuta kwa mkono mmoja. Ncha za chandarua zisikae njiani, zinanasa kwenye woka gizani.

Blanketi nalo, mtu akishikwa na baridi saa tisa usiku anakaa anainama kuvuta blanketi miguuni, hapo amevuka nyuzi 90 akiwa nusu usingizini. Funga kipande cha kanga kwenye pindo la juu la blanketi, ncha ifike mkononi mwake, akivuta linapanda lenyewe. Dodoma mwezi wa sita mpaka wa nane usiku baridi inauma na upepo wake, na misuli ikipata baridi inakaza na maumivu yanazidi, kwahiyo soksi ndefu avishwe kabla ya kulala (avishwe, asivae mwenyewe). Kama hospitali walimpa zile soksi za kubana afuate walivyosema kuhusu usiku. Kipindi cha joto cha mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza shida ni jasho, kidonda kikae kikavu, shuka la pamba, feni isimpige moja kwa moja.

Maumivu

Dawa ya jioni apewe kama nusu saa mpaka saa moja kabla ya kulala, sio asubiri maumivu yapande ndo ameze, maumivu yakishapanda juu kuyashusha ni kazi. Barafu inasaidia sana, ifunge kwenye taulo, weka pembeni ya nyonga dakika 15 mpaka 20 alafu toa, isiguse ngozi wala kulowesha bandeji.

Panadol za miligramu 500 mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24, na wazee wadogo wa mwili au wenye shida ya ini wanatakiwa wapungue hapo, muulize dokta. Chunga dawa za mafua, nyingi zina panadol ndani. Diklofenaki ya dukani usimpe bila kuuliza, maana wengi wa hawa wagonjwa wako kwenye dawa za kuzuia damu kuganda na zikichanganyika anaweza kutoka damu tumboni. Dawa za miti shamba pia mtaje kwa dokta, msifiche. Tramadol, ile dawa kali ya maumivu, na pombe au dawa za usingizi visikutane kabisa.

Hizo dawa kali zinafunga choo, na mtu mwenye tumbo lililojaa halali. Hapa mlenda wetu ni dawa, ugali wa uwele au mtama na mlenda, maji mengi mchana, zabibu zikiwa za msimu. Ila kama yuko kwenye warfarini, moja ya zile dawa za kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiwango cha mboga za majani, ale kwa kiasi kile kile alichozoea.

Choo cha usiku

Choo cha kuchuchumaa hakiwezekani, usijadiliane naye. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kiti cha chuma chenye tundu, kirefu, chenye mikono, kikae juu ya tundu la choo mchana na usiku kiingie chumbani na ndoo chini yake. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu sikipendi, miguu yake inafunguka mtu mzito akikaa. Wanaume chupa inatosha. Maji anywe mengi mpaka jioni, masaa mawili ya mwisho apunguze, anywe ya dawa tu. Kama choo ni cha nje usiku asitoke, hata kama anaona aibu. Mama alikuwa anaona aibu sana mimi kumwaga ile ndoo, nikamwambia mama wewe umenimwagia ngapi, tukaendelea.

Mchana wake

Wageni. Huku kwetu mtu akitoka hospitali watu wanamiminika, jambo jema kabisa, lakini mgonjwa anashinda amekaa anapokea pole, akichoka anasinzia saa kumi jioni masaa mawili, usiku macho makavu. Panga muda wa wageni, waje asubuhi au jioni, mchana alale nusu saa tu. Mwagize atembee chumbani mara nyingi kidogo kidogo, na akiwa amelala achezeshe nyayo juu na chini mara kumi kila saa anapokuwa macho, damu isilale miguuni. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana. Anayeswali aswali kwenye kiti kirefu, sujudu kwa ishara, na mwenye kupenda kigoda cha jikoni kigoda kihifadhiwe mbali.

Usingizi wa kukatika katika wiki za kwanza ni kawaida, mwili umetoka kwenye nusu kaputi na uko kwenye kazi ya kupona, asiogope.

Usiku gani unaenda hospitali bila kusubiri kupambazuke

Maumivu makali ya ghafla kwenye nyonga na mguu ukaonekana mfupi au umejigeuza, hawezi kuukanyagia: usijaribu kuuvuta, mlaze alivyo, tafuteni gari. Shavu la mguu limevimba, linauma na lina joto kuliko la pili. Kifua kinabana, pumzi inakata, anakohoa damu, hii haina hata dakika ya kuoga. Homa ya kupanda nyuzi 38, kidonda kinatoa usaha au harufu. Andaa namba ya mwenye bajaji au gari anayepokea simu usiku, na kama mko mbali, Mpwapwa ndani huko au vijiji vya Kondoa na Bahi, ni bora wiki mbili za kwanza mgonjwa akae kwa ndugu mjini.

Kurudia ubavu wa operesheni

Hili linakuja mwisho. Wengi wanaruhusiwa kuanzia kama wiki ya 6 na kuendelea, wengine zaidi, baada ya kupigwa eksirei na kuonekana. Kidonda kiwe kimefunga kabisa. Aanze mchana, dakika kumi, godoro limetandikwa blanketi laini juu yake, mto bado uko katikati ya miguu. Kesho yake kama nyonga haijavimba aongeze. Pakiuma sehemu ya kovu arudi ubavu mwingine ajaribu wiki ijayo, na ile mito ya miguuni asiitoe mpaka amuulize dokta siku ya kliniki.